Taashira katika fasihi: uanze na matini, mapokeo au historia?

Msomaji akikutana na kufuli, bundi au mto katika hadithi, akahisi kuna jambo zaidi ya kufuli, bundi na mto, ana njia tatu za kulitafuta jambo hilo. Anaweza kubaki ndani ya matini, yaani maneno ya kazi yenyewe, na kuangalia kitu hicho kinatajwa wapi, mara ngapi na kando ya nini. Anaweza kurejea mapokeo, yaani maana ambazo jamii, dini na methali zilikwisha kukipa kitu hicho kabla mwandishi hajashika kalamu. Au anaweza kwenda kwenye historia: kazi iliandikwa mwaka gani, wapi, na mwandishi alikuwa katika hali gani.

Wanafunzi hushauriwa mara nyingi wazitumie zote kwa mkupuo, kana kwamba njia zikiwa nyingi na jibu litakuwa nono. Kwa kweli njia hizi hugombana, na anayezichanganya tangu mwanzo huishia na jibu linalosikika vizuri lakini haliwezi kusimama mtu akiuliza, "Hilo umelitoa wapi?" Ushauri wetu ni kuanza na matini kwa kazi nyingi za nathari (zisizo mashairi), kisha kuzipa njia nyingine mbili nafasi ya kusahihisha. Zipo kazi ambazo mpangilio huo unageuka, na ndizo zinazostahili maelezo marefu zaidi.

| Njia | Unachohitaji | Inapofaa zaidi | Inapoteleza |
|---|---|---|---|
| Matini | Kazi yenyewe, penseli, kusoma mara mbili | Riwaya, hadithi fupi, tamthilia | Mashairi ya arudhi (yanayofuata kanuni za vina na mizani) na kazi fupi mno |
| Mapokeo | Ujuzi wa imani, dini, methali na desturi za jamii ya mwandishi | Tendi, ngano, kazi za kidini | Mwandishi anapoyageuza mapokeo kwa makusudi |
| Historia | Mwaka, mahali na mazingira ya uandishi | Istiara za kisiasa, mashairi ya kifungoni | Mhusika anapogeuzwa nakala ya mtu halisi |

Kwanza, ni taashira kweli?

Makosa mengi ya ufasiri huanzia hapa, kabla hata njia haijachaguliwa. Sitiari huishia katika sentensi yake: ukiandika "Juma ni simba", hakuna simba yeyote katika hadithi. Taashira ni kitu kilichopo katika ulimwengu wa hadithi. Wahusika wanaweza kukigusa, kukiuza, kukipoteza, na juu ya hayo kinabeba maana nyingine. Motifu ni kitu au tukio linalorudiarudia. Linaweza kuwa taashira, linaweza pia kuwa mwangwi tu unaoshikanisha sehemu za kazi.

Tofauti inayoamua njia utakayotumia ni ile iliyopo kati ya taashira na istiara. Katika istiara, hadithi nzima imejengwa sambamba na jambo jingine lililo nje yake, na sehemu nyingi za hadithi zina mwenzake huko nje. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni mfano ulio wazi: nchi inaelea angani, mshtakiwa anaitwa Karama na waziri anayemwandama anaitwa Majivuno. Majina ya namna hiyo ni kibao cha njia. Mwandishi anakuambia mapema kwamba usimame juu ya hadithi na kutazama inachokielekea, na hapo kuhesabu mara ngapi mbingu imetajwa hakutakufikisha mbali. Unahitaji kujua utawala uliokuwepo mwaka ule.

Taashira haina mwenzake mmoja wa kudumu. Katika *Moby-Dick* ya Herman Melville (1851), sura ya 99, sarafu ya dhahabu imepigiliwa kwenye mlingoti wa meli na mabaharia wanapita mmoja mmoja kuitazama. Kila mmoja anaisoma kivyake: nahodha anajiona mwenyewe humo, mwingine anaona mafundisho ya dini, mwingine anapiga hesabu ya sigara atakazoweza kununua. Melville hamtangazi mshindi. Anayetaka kujua sarafu ile "inamaanisha nini" kwa neno moja ameuliza swali la istiara kwa taashira, na atajibiwa vibaya na kila mtu.

Kipande cha kujaribia

Tazama njia zote tatu zikifanya kazi juu ya maneno yaleyale. Kipande hiki kimetungwa kwa ajili ya zoezi hili:

> Kila magharibi Mzee Sefu alifunga mlango wa ukumbi kwa kufuli la shaba, akalitikisa mara mbili, akatia ufunguo mfukoni. Dirisha la upande wa pili halikuwa na mbao tangu masika. Bundi alilia mwembeni. Mjukuu akapandia dirishani, na mzee akamwona. "Mlango umefungwa?" akauliza. "Umefungwa, babu," kijana akajibu, mguu mmoja ungali nje. Alfajiri aliyofariki walimkuta kalishika kufuli kiganjani. Lilikuwa limefungwa, mlango ulikuwa wazi.

Matini: polepole, lakini ina ushahidi

Soma mara ya kwanza bila kuandika chochote zaidi ya nukta ya penseli pembeni pale unapojikuta umesita. Mara ya pili, orodhesha vitu vinavyoshikika (si hisia, si dhana) na uvipime kwa mambo manne. Je, kimerudiwa? Kimewekwa wapi: kwenye anwani, mwanzo, mwisho wa sura, sentensi ya mwisho? Kimeelezwa kuliko mahitaji ya tukio? Na je, wahusika wanakitendea kwa namna isiyolingana na matumizi yake ya kawaida? Kitu kikipata mawili kati ya hayo, kiweke. Kikipata moja tu, kiache hadi kitakapokudai tena. Riwaya ya kurasa 200 kwa kawaida itakuachia vitu visivyozidi vinane. Ukibaki na ishirini, vigezo vyako vimelegea.

Katika kipande chetu, mlango umetajwa mara tatu, kufuli mara mbili na dirisha mara mbili. Kinachovuta jicho zaidi ni kitenzi: kufunga kimetumika mara nne katika aya fupi namna hii. Kufuli linafungua aya na kuifunga. Limepewa madini yake, shaba, ingawa tukio halihitaji tujue ni la madini gani. Na mzee analitendea ajabu: analitikisa mara mbili kuhakikisha usalama wa chumba ambacho dirisha lake liko wazi tangu masika.

Hapo ndipo wasomaji wa haraka huandika "mzee amezeeka, hajui dirisha liko wazi". Matini inakataa. *Mzee akamwona.* Maneno mawili tu, na yanaharibu ufasiri mzima wa uzee na usahaulifu. Anajua. Kisha anauliza kuhusu mlango, hasemi lolote juu ya dirisha, na kijana anajibu kwa adabu kuhusu mlango, huku mguu wake mmoja ukiwa bado nje. Hakuna aliyesema uongo. Wote wawili wamekubaliana kuzungumzia mlango.

Sasa fanya majaribio mawili. La kwanza ni la kufuta: ondoa kufuli, uone kama tukio bado linasimama. Linasimama, kijana bado anaweza kuingia usiku na mzee bado anaweza kufariki. Kitu kinachoweza kuondolewa bila msuko wa matukio kuanguka, na bado mwandishi amekishikilia, kipo kwa kazi nyingine. La pili ni la kubadilisha: weka kitu kingine chenye kazi ileile. Tuseme komeo. Mzee anaweza kusukuma komeo kila magharibi, lakini mwisho wa kipande unavunjika, kwa kuwa komeo haling'oki mlangoni na kukaa kiganjani likiwa limefungwa. Kwa hiyo kilichohitajika ni kitu kinachoweza kuendelea kufungwa hata pale ambapo hakifungi chochote. Jaribio la kubadilisha ndilo tunalolithamini kuliko yote, kwa sababu linakupeleka kwenye sifa hasa ya kitu inayobeba maana, nawe unaacha kubabaisha kwa maneno kama "usalama" au "siri".

Kinachobaki ni kuandika dai. Dai zuri lina kitu, kinachobebwa, ushahidi usiopungua sehemu mbili, na mabadiliko kama yapo:

"Kufuli linabeba mamlaka ya mzee ambayo yanadumu kwa sababu aliye chini yake anakubali kuyatunza. Mjukuu anapita dirishani lakini anajibu kwa adabu kuhusu mlango. Mzee anapofariki, kufuli limebaki limefungwa bila kufunga chochote."

Linganisha na dai hili: "Kufuli linaashiria maisha na changamoto zake." Ukiweza kulihamishia dai lako kwenye kitabu kingine chochote chenye kufuli bila kubadilisha neno, halijasema kitu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inakula muda, na inaweza kukufanya uone taashira katika kila kijiko. Dawa ya hilo la pili ni vigezo vile vinne. Udhaifu mwingine ni mkubwa zaidi: matini haiwezi kukueleza jambo ambalo mwandishi alitegemea unalijua tayari.

Mapokeo: haraka, na hatari yake iko humo humo kwenye uharaka

Rudi kwa bundi. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili hahitaji maelezo. Akilia karibu na nyumba, watu hungoja habari mbaya. Na kweli, sentensi chache baadaye mtu anafariki. Njia ya mapokeo imepata jibu kwa sekunde moja, na jibu ni sahihi. Ila angalia limetupatia nini: bundi anatabiri kifo ambacho tungekisoma wenyewe. Ametajwa mara moja, hakuna aliyemjali, hakurudi. Ni alama ya kimapokeo inayotia rangi mandhari. Mwanafunzi anayeandika ukurasa mzima juu ya bundi na mstari mmoja juu ya kufuli amevutwa na kitu anachokijua na kuacha kitu ambacho kipande kinakishughulikia.

Tatizo la pili ni kwamba mapokeo hayasafiri vizuri. Wagiriki wa kale walimfanya bundi ndege wa Athena, mungu wa hekima. Nyoka ni mlaghai katika kisa cha bustani ya Edeni, lakini amezungushwa kwenye fimbo ya Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki, na hadi leo yumo kwenye nembo za utabibu. Nyeupe ni vazi la bibi harusi katika nchi nyingi za Ulaya na ni rangi ya msiba kwa Wahindu wengi. Ukisoma kazi iliyotafsiriwa, mapokeo unayopaswa kuyauliza ni ya mwandishi, si ya mfasiri wala yako. Ndiyo maana orodha zinazosema "nyekundu ni hatari, kijani ni uhai" zinatufaa kidogo sana: hazisemi ni kwa nani.

Hata hivyo kuna kazi ambazo bila mapokeo huingii hata mlangoni. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inatuonyesha majumba ya fahari ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, yakiwa magofu. Madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyopambwa kwa vyombo sasa yanalalwa na makinda ya ndege. Anayesoma kwa njia ya matini peke yake ataona taswira nzuri ya uchakavu. Anayejua mafundisho ya Kiislamu juu ya kupita kwa dunia atatambua kwamba kila daka ni hoja, na kwamba mshairi anauonya moyo wake mwenyewe kwa kutumia nyumba za matajiri. Mapokeo hapa ndiyo sarufi ya kazi. Vivyo hivyo kwa ngano: sungura na fisi huja na tabia zao tayari, na msimulizi hapotezi muda kuzijenga.

Alama ya kujua kwamba mapokeo yanageuzwa ni kinaya. Bundi akilia na badala ya msiba ikaja harusi, mwandishi anacheza na matarajio yako, na hapo unahitaji mapokeo (ili ujue ulichotarajia) pamoja na matini (ili uone kilichotokea).

Historia: wakati mwingine ni ufunguo, wakati mwingine ni mtego

Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya *Sauti ya Dhiki* akiwa kifungoni kuanzia mwaka 1969, kutokana na kijikaratasi chake "Kenya: Twendapi?" cha mwaka 1968. Diwani ilichapishwa mwaka 1973. Ndani yake kuna shairi la mamba anayejigamba kwa nguvu zake. Bila kujua mazingira hayo, unaweza kulisoma kama onyo la jumla kwa wenye majivuno, na hutakuwa umekosea kabisa, lakini utakuwa umepoteza makali yake. Mtu aliyefungwa kwa kuandika hana nafasi ya kurudia kitu mara tano na kukieleza kwa marefu ili wewe ukihesabu. Anakificha. Pale ambapo kusema wazi kuna adhabu, historia huanza na matini hufuata.

Upande wa mtego, tazama *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969), inayosimama juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Maji katika tamthilia hiyo yana mwenzake katika historia, na ni rahisi msomaji kuona kazi imekwisha: maji ni dawa waliyopewa wapiganaji ili risasi zisiwadhuru. Lakini Hussein mwenyewe ameonya katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, si nakala ya yule wa historia. Maji ya jukwaani yanaunganisha makabila yaliyotengana, kisha imani ileile inawapeleka vitani kabla hawajawa tayari. Mvutano huo huupati katika kumbukumbu za vita. Uko katika tamthilia, kati ya maneno ya wahusika.

Kwenye kipande chetu, historia haina pa kushika. Hakuna mwaka, hakuna nchi, hakuna jina la mtawala. Anayesema kufuli ni serikali fulani amelileta jambo hilo kutoka mfukoni mwake. Angepata haki ya kusema hivyo kama tungejua kipande kiliandikwa wapi na lini, na kama angalau undani mmoja ungeelekea huko: cheo, bendera, tarehe ya sikukuu ya taifa.

Wapo pia wanaofasiri kwa saikolojia, kufuata Freud au Jung. Kwa kazi zilizojengwa juu ya ndoto inaweza kusaidia. Kwingineko huwa inatoa jibu lilelile kwa kila kitabu, na jibu lisilobadilika kitabu kinapobadilika halistahili muda wako.

Mashairi ya arudhi yana kanuni nyingine

Hapa wasomaji wa riwaya huumbuka. Katika tarbia, kila ubeti una mishororo minne na kibwagizo kinaweza kurudi neno kwa neno mwishoni mwa kila ubeti. Shairi la beti saba litakutajia kitu cha kwenye kibwagizo mara saba, na ukikihesabu utadhani umegundua taashira kuu. Umbo ndilo lililokirudisha. Katika kibwagizo angalia mawili: maana yake inabadilikaje kadiri mishororo mitatu ya juu inavyobadilika, na je, kuna ubeti ambao mshairi amekivunja au amebadilisha neno moja? Neno hilo moja lina uzito kuliko marudio yote sita mengine.

Vina navyo vinadanganya. Neno lililoketi mwisho wa kipande cha mshororo (nusu yake moja) linaweza kuwa pale kwa sababu ya silabi yake ya mwisho. Ukiona "jani" na vina vya ubeti mzima ni -ni, usikimbilie kuandika kuhusu uhai na mimea. Kitu kilichotajwa katikati ya kipande, pasipodaiwa kina, kimechaguliwa kwa uhuru zaidi. Mizani tu, yaani hesabu ya silabi, ndiyo iliyokibana. Anza na hicho. Mashairi huru hayana vizuizi hivi, na njia ya matini inayafaa karibu kama inavyoifaa hadithi fupi.

Uchague ipi

Riwaya, hadithi fupi au tamthilia usiyoijua: matini, kwa vigezo vinne na majaribio mawili, halafu uyaulize mapokeo kuhusu vitu vilivyobaki tu, si kuhusu kila ndege na kila rangi. Utendi, ngano au kazi ya kidini: mapokeo kwanza, kisha matini ili uone mshairi ameongeza nini juu ya alichorithi. Kazi ambayo majina ya wahusika ni sifa au ambayo nchi yake haimo kwenye ramani, na kazi iliyoandikwa chini ya kifungo au udhibiti: historia kwanza. Ukiwa na mtihani kesho na kitabu hujakisoma mara ya pili, chukua vitu viwili pekee, cha mwanzo na cha mwisho wa kazi, na uvifanyie jaribio la kubadilisha. Utapata cha maana kuliko kukariri orodha ya rangi.

Njia mbili zikikupa majibu yanayopingana, angalia ni jibu lipi linaacha maneno machache zaidi bila kazi. Katika kipande cha Mzee Sefu, ufasiri wa kifo unaelezea bundi na alfajiri, lakini unaiacha shaba, unaliacha swali la mlango na unauacha mguu ulio nje. Ufasiri wa mamlaka unamwacha bundi peke yake. Andika wa mamlaka, na bundi mpe sentensi moja.